Hakukuwa na Risiti

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa mhasibu
wa Shule Namba Kumi na Tisa, hapa Poltava.
Nilihesabu chaki. Nilihesabu viazi vya jikoni.
Mwaka mmoja mwalimu mkuu aliandika madirisha arobaini,
mimi nikaona mapya ishirini na sita.
Sikutia saini.
Alininunia hadi alipostaafu.

Kwa hiyo msinifundishe hesabu.

Siku hizi umeme huja saa tisa usiku.
Naamka kufua, kuchemsha borshi ya siku tatu,
kuchaji simu, kuchaji taa, kuchaji roho ikiwezekana.
Lifti ilikufa Novemba.
Ghorofa ya saba ni vidato mia na ishirini na sita,
nimevihesabu, ndio ugonjwa wangu,
na kwenye cha tisini napumzika
mlangoni kwa Zenoviy,
ambaye huuliza bila kufungua:
"Ungali hai, Paraskeva?"
"Ningali. Nawe?"
"Mpaka Ijumaa."

Ostap wangu alipoitwa, serikali ilimpa buti
namba arobaini na moja.
Mguu wake ni arobaini na nne,
tangu ana miaka kumi na sita, mguu wa babu yake.
Nikauza cherehani ya mama.
Nikanunua buti, soksi za sufu,
na mikanda miwili ya kukazia jeraha,
maana muuzaji alisema mmoja hautoshi.
Risiti ninazo. Zimo kwenye kopo la biskuti,
kwa tarehe.

Kisha televisheni ikasoma
bei ambayo wizara ilinunulia buti kama zile.
Nikadhani nimesikia vibaya. Nikachukua kalamu.
Mara tatu ya bei yangu,
nami nilinunua jozi moja tu, sokoni, bila kupunguziwa.

Nikisema, naambiwa: sasa si wakati.
Adui anasikia. Adui atafurahi.
Adui namjua!
Ndiye aliyevunja dirisha la sebule yangu mwezi Machi,
nikaliziba kwa mlango wa kabati.
Sihitaji kuonyeshwa adui kwa kidole
kila ninapouliza fedha zilikokwenda.
Mwenye nyumba inayoungua
ana haki ya kujua ni nani anayeuza ndoo.

Juzi mheshimiwa amefika uani kwetu,
koti la kijani la kijeshi, jipya,
mikunjo ya dukani bado iko mgongoni.
Ameleta unga. Kila mfuko una sura yake,
kilo mbili za tabasamu.
"Sote tumo chombo kimoja," akasema,
na nyuma yake gari likinguruma,
dereva hazimi injini, kiti kisije kikapoa.
Watu wakapiga makofi,
makofi ya glavu, yasiyo na sauti.

Nikasogea na daftari.
"Mheshimiwa, niandikie hapa.
Unga huu ni wako, au ni wetu?"

Akacheka. Akatafuta mtu wa kucheka naye.
Kijana wake akaniinamia: "Mama, una mtoto vitani?"
kana kwamba hilo lingenifunga mdomo.
Ninaye, nikamwambia. Ndiyo maana nauliza.

Unga niliuchukua. Sina kiburi cha kushinda njaa.
Nimeoka, na mkate umeumuka vizuri,
lazima niseme, mhasibu haongezi wala hapunguzi.
Mfuko nimeukata, nikaupindua,
nikaandika upande ule usio na sura:
tarehe, kilo mbili, hakukuwa na risiti.

Usiku Ostap akapiga simu. Sekunde arobaini.
"Buti vipi?"
"Zinaingiza maji kidogo. Nyumbani je?"
"Nyumbani shwari," nikasema,
na hiyo ndiyo hesabu pekee niliyowahi kuipika.

Saa tisa umeme ukaja.
Nikaanza na mashuka.